Mlango wa Baba Mkwe

Mwezi huu nakuletea ya nyumbani kwangu.

Ukitaka kumjua mwenzi wako, jengeni nyumba. Sisi tulivumiliana kwenye msingi, tukavumiliana kwenye matofali, lakini tulipofika mlango wa mbele ndoa ikatikisika.

Marehemu baba mkwe alikuwa mchongaji. Mlango wake wa mwisho, wa mninga, aliuacha umeegemea ukuta stoo, ubao wa chini haujaisha. Nikataka ndio uwe mlango wetu. Mume wangu akakataa katakata: tuweke wa alumini, yaishe. Nikamwambia hana hata chembe ya hisia. Siku tatu hatusemeshani!

Katikati ya kununiana huko nikamkumbuka Elimo Njau, Mchaga wa Marangu aliyesomea sanaa Makerere. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alichora picha tano kubwa za ukutani katika kanisa kuu la Murang'a, Kenya, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo Wakikuyu waliouawa wakati wa Mau Mau. Yesu kamchora Mwafrika, kwenye mazingira ya pale pale. Mwaka 1965 akawa mmoja wa waanzilishi wa Paa ya Paa, jumba la sanaa la Nairobi. Mwaka 1997 moto ukateketeza sehemu kubwa ya hazina yake.

Sisemi ukuta wa kanisa hauungui. Ila picha za Murang'a ni sehemu ya jengo: wapo wanaosali mbele yake, wapo wanaofagia chini yake, na paa likivuja kuna mtu ataona. Mlango wa baba stoo ulikuwa unaonwa na nani? Mchwa tu.

Usiku nikamsimulia mume wangu. Akanyamaza weee, kisha akasema, "Kila nikiuona ule mlango nasikia nyundo ya mzee. Nitaupitaje kila siku?" Jamani! Kumbe sikuwa naishi na mtu asiye na hisia. Nilikuwa naishi na mfiwa.

Tukakubaliana: mbele alumini, mlango wa baba ndani, kati ya sebule na korido. Fundi ikabidi abomoe lenta kwa sababu mlango ni mpana, na hela ikatutoka mara mbili. Ubao wa chini tumeuacha vile vile, haujaisha. Siku hizi mume wangu anaupapasa kila akipita kwenda kulala.

Kwa hiyo ndugu yangu, kama kwenu kuna kazi ya mikono ya mtu, mpe fundi vipimo kabla lenta haijamwagwa. Paka dawa ya mchwa. Piga picha, andika jina la msanii, mwaka na aina ya mbao, wajukuu wasije wakabahatisha. Na kabla ya yote, muulize mwenzio kwa nini anakataa.

Tukutane mwezi ujao!