Picha Ina Nambari, Dereva Hana Jina

Mwezi uliopita, baada ya sala ya isha, tulikuwa barazani tukinywa kahawa. Kijana mmoja akatupa simu yake tuitazame. Ilikuwa ni picha ya gari la moshi likipanda kilima cha Mazeras, moshi mweusi umeinamia minazi. Aliyeipiga, mgeni kutoka Uingereza, ameandika chini yake mwaka, 1976, na nambari ya injini, na jina la mlima iliyopewa. Dirishani ametokeza mtu mwenye kitambaa shingoni. Huyo hakuandikiwa kitu.

Simlaumu mgeni. Kupiga picha gari linalokwenda si mchezo. Hata likienda pole, kilomita 36 kwa saa, gari hupita mita 10 kila sekunde. Ukilifungua jicho la kamera kwa sehemu ya 50 ya sekunde, injini imeshasogea sentimita 20 na picha imevurugika. Kwa sehemu ya 500 husogea sentimita 2 tu. Wajuzi wengine huigeuza kamera pamoja na gari. Hapo injini hutulia, na minazi ndiyo ikaonekana inakimbia. Watu hao walitoka mbali wakangoja juani kwa ajili ya nukta moja. Sisi tuliopanda gari hilo hilo kwenda Voi na Nairobi hatukupiga hata moja. Kamera zilikuwa ghali, ni kweli, lakini za arusini hatukuzikosa.

Na injini zile zilistahili kupigwa picha. Zilikuwa 34, zimeundwa Manchester na kampuni ya Beyer Peacock mwaka 1955 na 1956. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 250 na zaidi, na chakula chake si makaa bali mafuta mazito. Mnamo 1980 zikaondolewa kazini, na mwaka 2017 abiria wa Mombasa na Nairobi wakahamia reli mpya. Zote zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Lakini Mlima Kenya haukupata kufungua mvuke hata siku moja. Aliyefungua ni mwana wa watu, na watoto wake tunao mitaani.

Kwa hivyo naomba: mwenye picha hizi sandukuni aandike nyuma yake jina la dereva, la mtia moto, la fundi. Jumba la makumbusho ya reli la Nairobi, lililoanzishwa 1971, linazo injini. Majina nayo yapelekwe huko maadamu wanaoyajua wangali hai. Na nyinyi vijana mnaoipiga picha treni ya sasa, simameni nje ya ua, maana hiyo hufika kilomita 120 kwa saa. Kisha mkaulize ni nani aliyeiendesha.

Pale barazani mzee wetu mmoja aliishika simu, akaisogeza machoni, akacheka. Yule mtu alimjua kwa kitambaa tu. Akamtaja jina, na la babake, na mtaa aliokaa, Mungu amrehemu. Kijana akaandika.

"Na mwenzake je?" akauliza mzee. Mtia moto alikuwa upande wa pili wa injini, haonekani. Mzee akalitaja na lake.