Mwacheni Bundi Alie

Juzi msibani hapa Mlowo mzee mmoja alisimama, akakohoa, akatuambia marehemu "aliitwa", maana bundi alilia juu ya bati usiku uliotangulia. Watu wakaitikia. Hata mchungaji, anayetukataza ramli kila Jumapili, alitikisa kichwa. Marehemu alikuwa na shinikizo la damu na dawa ameziacha tangu Krismasi, lakini hilo halinogi msibani.

Nani anahesabu usiku ambao bundi alilia na asife mtu? Kwenye mikaratusi ya mtaani kwetu analia karibu kila usiku wa kiangazi. Kwa hesabu ya yule mzee, mtaa mzima ungekuwa makaburi sasa. Jirani akanibishia: bibi yake alimsikia bundi, kesho yake babu akafariki. Babu mwenyewe alikuwa na miaka tisini na ushee! Angewika jogoo tungemlaumu jogoo.

Mlio huo ni wa dume anayeita jike na kuwaonya madume wengine wasisogelee eneo lake, basi. Yule bundi mweupe anayelala darini wala haguni. Anapiga ukelele wa kukwaruza, nakubali unatisha. Lakini kafuata nini kwetu? Panya. Na panya wamefuata nini? Mlowo ni mji wa mahindi, magunia yamejaa stoo, mengine tunalala nayo chumbani. Bundi huyo sikio lake moja liko juu kuliko jingine, ndiyo maana humnasa panya gizani kwa kumsikia tu. Humeza mzima, kisha hutapika donge la manyoya na mifupa. Mkiliokota donge hilo mlangoni asubuhi, mbio kwa mganga! Mnamuua bundi kwa manati, halafu mnanunua sumu ya panya, paka anakuwa wa kwanza kufa.

Mnataka mlio wa mauti? Sikilizeni honi za malori ya Tunduma usiku, na bodaboda asiye na taa wala kofia akikatiza mbele ya malori hayo. Hao hamuwarushii jiwe. Wala vipaza sauti vya mkesha vinavyotunyima usingizi hadi alfajiri. Hivyo mnaviita baraka.

Wiki hii vijana wamemwangusha bundi mwingine karibu na mashine ya kusaga. Aliyeshangilia kuliko wote ni mwenye ghala, yuleyule anayelia kila siku kwamba panya wamemtobolea magunia.