Makala Moja Katika Kurasa Mia

Mwanafunzi wa kidato cha tatu akiagizwa kuandika juu ya ubongo, si ajabu akarudi na habari kwamba binadamu hutumia asilimia 10 tu ya ubongo wake. Akiulizwa ushahidi, atajibu kuwa ameisoma katika kurasa tano za intaneti, na kila ukurasa una maneno yake. Habari yenyewe si kweli. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, nao hutumia kadiri ya asilimia 20 ya nishati ya mwili uliopumzika. Wala vyombo vya kupigia picha ubongo havijaonyesha sehemu kubwa inayokaa bure. Hata hivyo mimi simlaumu mwanafunzi huyu. Amefanya kama tulivyomfundisha, yaani asitegemee shahidi mmoja. Ambalo hatukumfundisha ni kwamba mashahidi wake watano huenda wakawa mtu mmoja aliyebadili kanzu mara tano.

Kuchapisha makala moja mahali pengi ni kazi ya zamani, na kwa asili yake ni halali. Mwaka 1884 S. S. McClure alianzisha huko Marekani shirika la kununua hadithi na makala kwa waandishi na kuyauzia magazeti mengi kwa wakati mmoja. Gazeti la mji mdogo likapata maandishi ambayo lisingeweza kuyagharimia peke yake. Msomaji wa mji huu hakuliona gazeti la mji ule, basi hakuna aliyedhani kwamba makala ile imethibitishwa na waandishi kumi.

Intaneti ilipoenea, kazi hiyo iligeuka kuwa njia ya kuvutia wageni. Zikatokea ghala za makala, mathalani EzineArticles iliyoanzishwa mwaka 1999. Mwenye tovuti ya kuuza bidhaa huandika makala fupi, huiweka ghalani bila malipo, na mwenye tovuti nyingine yeyote huruhusiwa kuichapa kwa sharti la kutoondoa maneno ya mwisho, ambayo yana jina la mwandishi pamoja na kiungo cha kumpeleka msomaji kwenye tovuti yake. Mwandishi halipwi fedha. Malipo yake ni wageni. Mpaka hapo sioni kosa.

Kosa liliingia kwa mlango wa hesabu. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Stanford, walieleza namna ya kupima uzito wa ukurasa kwa viungo vinavyouelekea. Wazo hilo linafanana na desturi ya wanasayansi ya kuuthamini utafiti unaotajwa na watafiti wengi. Kila ukurasa huwagawia wenzake uzito wake: wenye uzito wa 6 na viungo vitatu huipa kila kurasa inayoelekezwa 2. Hesabu hurudiwa tena na tena mpaka itulie, nayo huchukulia kwamba msomaji hufuata kiungo kwa uwezekano wa 0.85, na kwa 0.15 huruka kwenda ukurasa wowote. Ni hesabu nzuri, lakini inadhani kwamba anayeweka kiungo ameusoma ukurasa ule akaupenda. Wafanyabiashara walipoifahamu, kiungo kikawa bidhaa, na makala ikawa gunia la kukibebea.

Tangu hapo haikuwa lazima makala isomwe. Ilitosha iwepo, tena mahali pengi, na isifanane mno na nakala zake. Zikatungwa programu za kubadili maneno: mwandishi huandika sentensi, na penye neno moja huweka matatu yenye maana moja, programu ichague. Mwalimu wa hisabati aweza kuwauliza wanafunzi wake: makala yenye nafasi kumi za namna hiyo itazaa nakala ngapi? Jibu ni 3 kwa kipeo cha 10, yaani 59,049. Kiswahili, kwa bahati njema, kina kinga yake. Weka "maradhi" mahali pa "ugonjwa" bila kugusa maneno mengine, na "ugonjwa huu umeenea" itakuwa "maradhi huu umeenea". Hata mtoto atacheka. Kinga hiyo imepungua nguvu, kwa kuwa programu za kutunga maandishi zilizoenea tangu mwisho wa mwaka 2022 zinajua ngeli kwa kiasi kikubwa.

Google ilijitetea. Mwezi Februari 2011 ilibadili upangaji wake ili kuzishusha kurasa hafifu na zilizonakiliwa, na kwa maelezo yake mabadiliko hayo yaligusa asilimia 11.8 ya maswali yaliyoulizwa Marekani. Ghala za makala zilipoteza wageni wengi kwa mpigo. Mwezi Aprili 2012 zikafuata tovuti zilizojipatia viungo kwa hila, na Machi 2024 ikapiga marufuku uzalishaji wa kurasa nyingi zisizo na faida kwa msomaji, ziwe zimeandikwa na mtu au na mashine. Lakini kampuni hulinda biashara yake. Haina wajibu wa kumlinda mwanafunzi wetu. Kazi hiyo ni yetu.

Wako watakaosema tukataze kunakili kabisa. Siafiki. Mwalimu aliyeandika maelezo mazuri ya sumaku kwa Kiswahili afanya vyema kuyatoa kwa tovuti kumi, maana maandishi ya namna hiyo ni machache. Aombe tu kila nakala itaje ilikotoka. Tangu mwaka 2009 Google, Yahoo na Microsoft zimekubaliana juu ya alama moja inayofichwa ndani ya ukurasa ili kuuambia mtambo wa utafutaji ukurasa wa asili ni upi. Mwenye tovuti mwaminifu ataiweka bila kinyongo.

Darasani napendekeza jaribio lisilohitaji kompyuta. Lilianza na Andrei Broder na wenzake mwaka 1997, walipokuwa wakitafuta nakala miongoni mwa kurasa milioni 30. Kila makala hukatwa katika vifungu vya maneno matatu vinavyopandana: neno la 1 hadi la 3, la 2 hadi la 4, na kuendelea. Hesabu vifungu vilivyomo katika makala zote mbili, kisha gawanya kwa idadi ya vifungu vyote tofauti. Makala ya maneno 400 ina vifungu 398. Badili maneno 20 yaliyo mbalimbali, nawe utaharibu vifungu 60. Vitabaki 338 vya pamoja kati ya 458, yaani 0.74. Makala mbili zilizoandikwa na watu wawili wasiosomana huwa karibu sana na sifuri. Kwa aya moja moja kutoka kurasa mbili alizozileta mwanafunzi wetu, penseli na kipindi kimoja cha dakika 40 vinatosha, naye ataona mwenyewe kama ana mashahidi wawili au mmoja.