Duka la Kwenye Simu na Kodi ya Mauzo: Tujisajili, Lakini Tusinyamaze

Makamanda, TRA ilitangaza kwamba kila anayefanya biashara mtandaoni awe amejisajili ifikapo 31 Agosti 2025. Tangu hapo vijana wetu wa Arusha wamegawanyika. Wapo wanaosema hatujisajili ng'o, hela yenyewe inaishia kwenye mashangingi. Wapo waliojisajili kimya kimya, wakakadiriwa, wakalipa bila kuuliza. Mimi naona kundi la kwanza linajiweka mtegoni na la pili linawaachia watawala wafanye watakavyo. Tuangalie namba kwanza, maana kwenye hili namba ziko upande wetu.

Tuanze na VAT, kwa sababu ndiyo inayotisha watu bure. Tangu Julai 2023, anayelazimika kujisajili VAT ni mwenye mauzo yanayozidi milioni 200 kwa mwaka. Dada unayeuza magauni kwa status ukiwa Sakina, kaka unayetuma kahawa ya Nkoaranga kwa basi mpaka Dar, hiyo siyo yako. Usimwongezee mteja asilimia 18, na mtu yeyote asikudanganye kwamba unapaswa kufanya hivyo. Ila ujue unailipa kwa mlango wa nyuma. Ukinunua mzigo kwa mfanyabiashara mkubwa aliyesajiliwa, VAT iko ndani ya bei. Mwenye duka kubwa anairudisha kwenye hesabu zake, wewe huna pa kuirudisha.

Kodi inayokuhusu ni ile ya makadirio, inayokatwa kwenye mauzo ghafi. Mauzo, siyo faida. Ukiuza chini ya milioni 4 kwa mwaka hulipi kitu. Kati ya milioni 4 na 7, ukiwa na kumbukumbu unalipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4, ukiwa huna unalipa 100,000. Kati ya milioni 7 na 11, mwenye kumbukumbu analipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7, asiye nazo 250,000. Kuanzia milioni 11 mpaka 100, Sheria ya Fedha ya 2022 iliweka asilimia 3.5 ya mauzo yote.

Sasa piga hesabu. Umeuza milioni 5 na umeandika kila kitu: kodi yako ni 30,000. Hukuandika: 100,000. Umeuza milioni 8 na umeandika: 120,000. Hukuandika: 250,000. Kwa hiyo kamanda anayesema "siandiki chochote, wasinijue" anaweza kujikuta anawapa hao hao watawala zaidi ya mara mbili. Daftari la shilingi elfu moja linakuokolea laki. Andika tarehe, bidhaa, bei uliyonunulia, bei uliyouzia. Hela ya boda iandike kando, au mteja amlipe boda mwenyewe akifikishiwa mzigo Usa River au Ngaramtoni. Ikipita yote kwenye lipa namba yako bila maelezo, siku ya makadirio itaonekana yote ni mauzo, na utalipia kodi hela ambayo hukukaa nayo hata saa moja.

Hapo nimemaliza na upande wetu. Sasa upande wao.

Milioni 4 kwa mwaka ni kama shilingi 11,000 kwa siku, na hayo ni mauzo kabla hujatoa mtaji, bando wala mifuko ya kufungia. Desemba 2018, vitambulisho vya machinga vya shilingi 20,000 vilipotolewa, mstari ulikuwa milioni 4. Bei ya kila kitu sokoni Kilombero imepanda tangu hapo, mstari haujasogea. Vuka Namanga uone: Kenya kodi ya mauzo ya asilimia 3 inaanzia kwenye shilingi zao milioni 1, takribani milioni 19 za kwetu.

Kuna na ule ukuta wa milioni 11. Aliyeuza milioni 10.8 akiwa na kumbukumbu analipa 204,000. Akijituma akafika milioni 11.2, anadaiwa 392,000. Ameongeza mauzo ya 400,000, na kodi imeongezeka 188,000. Nani ataonyesha mauzo yake ya kweli hapo? Serikali yenyewe inamfundisha kijana kuficha, halafu inamwita mkwepa kodi.

Na mwenye faida ndogo ndiye anayeumia zaidi. Ukiuza viatu vya milioni 20 kwa mwaka, ukabaki na faida ya milioni 2, kodi ni 700,000. Hiyo ni asilimia 35 ya faida yako. Kampuni inatozwa asilimia 30 ya faida. Yaani kijana wa Mianzini mwenye simu moja anatozwa kwa uzito kuliko kampuni yenye wahasibu. Tena hii ndiyo Arusha, mji uliotangaziwa Azimio la 1967 dhidi ya unyonyaji.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna fomu inayoliuliza. Tarehe 29 Oktoba 2025 intaneti ilizimwa nchi nzima, ikakaa gizani kwa siku kadhaa. Siku hizo tunazijua sote na waliotutoka tunawajua. Kwa mwenye duka la simu, ilikuwa ni sawa na polisi kuja kufunga mlango kwa kufuli. Huwezi kumwambia mtu mtandao ni eneo lako la biashara lipia kodi, halafu uuzime ukijisikia.

Kwa hiyo madai yetu yawe haya, na tuyapeleke kwa madiwani, kwa wabunge, na kila TRA inapoita wafanyabiashara. Mosi, kiwango cha kutotozwa kipande kutoka milioni 4 hadi angalau milioni 12. Pili, juu ya milioni 11 kodi ikatwe kwenye kinachozidi tu. Tatu, mwenye kumbukumbu nzuri za manunuzi aruhusiwe kuchagua kutozwa kwenye faida bila masharti ya kumlipa mhasibu. Nne, sheria ikataze kuzima mtandao, na ukizimwa, waliojisajili wapunguziwe kodi ya siku hizo.

Kamanda aliyejisajili na mwenye daftari anaweza kusimama kwenye kikao akasema "mwaka jana nimelipa kiasi hiki, nionyesheni kimefanya nini." Asiyejisajili ataambiwa akae chini. Anza daftari lako wiki hii.