Safari ya Kutazama si Anasa

Limeenea neno katika vinywa vya watu wenye elimu kwamba safari ya kutazama miji ya ugenini ni mchezo wa Wazungu. Mwafrika, wasema, ana haja tatu tu za kwenda Ulaya: kusoma, kufanya kazi, na kuhudhuria mkutano. Akienda kwa haja nyingine amepoteza fedha. Na akienda peke yake, bila ya mwenyeji wala mwaliko, amepoteza na akili. Neno hili nalipinga. Nalipinga kwa kuwa si la haki, halina faida, na limeidhuru fasihi yetu kuliko wanavyodhani wale wanaolisema.

Mimi ni mtu wa Karatu. Mji wetu umekaa juu ya njia iendayo Ngorongoro, na sisi wenyeji tumezoea kutazamwa kama vile watu wa pwani walivyozoea upepo. Asubuhi magari ya watalii hupita mbele ya milango yetu yakielekea lango la Lodoare, na jioni hurudi. Mzee wa Kiiraqw akichunga ng'ombe kando ya barabara hupigwa picha. Mhadzabe wa Ziwa Eyasi hufikiwa alfajiri ili atazamwe akienda kuwinda. Mmaasai huruka mbele ya boma lake, na mgeni huhesabu miruko. Silalamiki juu ya mgeni. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na wengi wetu tumesomeshwa kwa fedha zake. Nauliza tu: katika biashara hii ya macho, mbona sisi tumekuwa wauzaji siku zote, wala hatujawa wanunuzi?

Tazama vitabu. Oscar Baumann aliiona kreta ya Ngorongoro mwaka 1892, akarudi kwao akaandika kwa Kijerumani. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walihesabu wanyama wa Serengeti kutoka katika ndege. Michael akafa kwa ajali ya ndege hiyo Januari 1959, akazikwa ukingoni mwa kreta, na filamu yao ikapata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Ulimwengu uliijua nchi yetu kwa macho ya watu hawa. Sisemi kwamba waliyoandika yote ni uongo. Nasema kwamba waliandika. Mtu aliyetembea akaandika humshinda mtu aliyekaa akanyamaza, hata kama aliyekaa ndiye mwenye nyumba.

Sasa tuzikabili hoja za wapinzani moja baada ya moja.

Hoja ya kwanza ni kwamba jambo hili si la mila yetu. Wasemao hivyo hawaijui maktaba ya lugha yao. Mwaka 1896 Selim bin Abakari, mtu wa asili ya Ngazija, alisafiri na bwana wake Mjerumani, Bumiller, mpaka Urusi na Siberia, akaandika habari ya safari hiyo kwa Kiswahili. Habari yake ilichapwa Göttingen mwaka 1901 katika kitabu cha Safari za Wasuaheli kilichotengenezwa na Carl Velten. Kabla yake, Amur bin Nasur wa Unguja, aliyekuwa akifundisha Kiswahili Berlin, habari zake zilitokea katika kitabu cha Büttner cha mwaka 1894. Kwa hiyo Mswahili alikwisha kuitazama Ulaya na kuisimulia kabla babu zetu wa Karatu hawajaiona barabara ya lami.

Lakini hapana budi tuseme na upungufu wa urithi huo. Selim alikwenda kwa safari ya bwana wake, na kalamu yake ilitumika kwa haja ya Mjerumani aliyetaka maandishi ya kufundishia. Hakuchagua mji wala siku. Ndiyo maana nasisitiza safari ya mtu mmoja, aliyelipa nauli yake, anayesimama panapompendeza na kuondoka akichoka. Uhuru wa kutazama ni uhuru kama uhuru mwingine: mtu akichaguliwa cha kutazama, amekwisha kuchaguliwa na cha kuwaza.

Hoja ya pili ni kwamba hapana faida, kwani miji ya Ulaya imekwisha kuelezwa na wenyewe. Hoja hii ina sura nzuri, na kwa sababu hiyo yafaa ijibiwe kwa mfano. Nalikaa siku sita katika Hamburg, bandari kubwa ya Ujerumani juu ya mto Elbe. Sikuwa na mkutano wala mwaliko. Nalitembea kwa miguu kama atembeavyo mtalii ye yote, ramani mkononi.

Mgeni wa Hamburg hupelekwa kwanza Speicherstadt, mtaa wa maghala ya matofali mekundu uliosimama juu ya nguzo za mbao, kati ya mifereji ya maji. Maghala hayo yalianza kujengwa mwaka 1883, yakafunguliwa mwaka 1888, na mwaka 2015 yakatiwa katika Urithi wa Dunia. Humo ziliwekwa kahawa, chai, viungo na mazulia. Mtalii wa Kizungu hutazama matofali, akasifu, akapiga picha. Mtu wa Karatu hutazama matofali akauliza: kabla ya maghala, hapa walikaa nani? Na jibu lipo. Walikaa maskini na matajiri, watu wapatao 20,000, nao waliondolewa na nyumba zao zikabomolewa ili bandari ipate nafasi.

Mbona swali hili lilinijia upesi? Kwa sababu natoka jirani ya Ngorongoro. Mwaka 1959 Wamaasai waliokuwa wakikaa Serengeti walitolewa huko, na Ngorongoro ikafanywa eneo la hifadhi ambamo watu, mifugo na wanyama wa porini wataishi pamoja. Katika miaka ya 1970 waliokuwa na maboma ndani ya kreta walihamishwa. Mwaka 1979 eneo likatiwa katika Urithi wa Dunia. Tangu mwaka 2022 kaya nyingi zimehamishiwa Msomera, wilaya ya Handeni. Serikali yasema wahamao wahama kwa hiari, na wapo wakazi wanaolikana neno hilo. Sikusudii kuamua shauri hilo katika ukurasa huu. Nataka msomaji aone hili tu: urithi wa dunia aghalabu una watu waliokuwapo kabla haujaitwa urithi, na jicho lililozoea jambo hilo Ngorongoro hulitambua Hamburg. Kitabu cha wageni hakikunionyesha. Jicho la kwetu ndilo lililoniuliza.

Tena nalikwenda kwenye chuo kikuu cha mji huo. Mbele yake, tangu mwaka 1922, ilisimama sanamu ya Hermann von Wissmann, yule aliyeizima vita ya Abushiri. Sanamu hiyo ilisimamishwa kwanza Dar es Salaam mwaka 1909. Waingereza wakaing'oa baada ya vita, ikarudi Ujerumani. Wissmann amesimama juu, na chini yake yupo askari Mwafrika akimtazama. Wanafunzi wa Hamburg waliiangusha mwaka 1967, ikarudishwa. Wakaiangusha tena mwaka 1968, wala haikusimamishwa pale tena. Mwenyeji wa Hamburg huisimulia habari hii kama habari ya wanafunzi na utawala wao, na ni kweli. Lakini mimi nalimfikiri yule askari. Nchi mbili zimebishana juu ya Wissmann, na hakuna aliyeuliza askari huyo anaona nini hata asiinamishe shingo yake.

Katika mji huo huo Carl Hagenbeck, mfanya biashara ya wanyama, alianza mwaka 1874 kuleta watu wa nchi za mbali na kuwaonyesha kwa kiingilio. Waafrika nao waliletwa, wakakaa ndani ya ua pamoja na wanyama wao, na Wazungu wakaja kwa maelfu kutazama. Bustani ya wanyama ya ukoo huo, iliyofunguliwa mwaka 1907, ingali inapokea wageni mpaka leo. Nikalipa kiingilio nikaingia, mtu wa Karatu kati ya watazamaji. Mwenye kusema kwamba safari yangu ilikuwa anasa na anieleze kwanza tofauti iliyopo kati ya kuingia mahali hapo kwa tikiti na kuingizwa kwa mkataba wa maonyesho.

Wala si kila kitu kilikuwa cha uchungu. Nalipita chini ya mto Elbe kwa miguu, katika handaki la mwaka 1911 lililochimbwa ili wafanya kazi wafike kwenye viwanda vya meli, na hapana aliyenidai senti. Nalizuru makaburi ya Ohlsdorf, alipozikwa Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Unguja, aliyefika Hamburg mwaka 1867 akaitwa Emily Ruete. Mama huyu aliandika kumbukumbu zake kwa Kijerumani, zikachapwa mwaka 1886. Angeziandika kwa Kiswahili, leo tungalikuwa na kitabu cha Mwafrika juu ya Hamburg chenye umri wa zaidi ya miaka 100. Lakini hakuwa na msomaji wa Kiswahili wa kumwandikia. Sisi tunaye, na hatumwandikii.

Hoja ya tatu yasema: mkataa kwao ni mtumwa, nendeni kwanza Ngorongoro, ambayo Watanzania wengi hawajaiona. Naikubali nusu yake. Ni aibu mtoto wa Karatu kumaliza shule bila kushuka katika kreta iliyo nyuma ya nyumba yao, na walimu walitengeneze jambo hilo. Lakini kuijua nyumba yako hakukukatazi kubisha kwa jirani. Mtu hujua urefu wa mlima wake akiupima na mwingine. Maswali niliyokuja nayo kutoka Hamburg ndiyo yaliyonifanya niitazame Ngorongoro si kama mandhari tu, bali kama shauri.

Hoja ya nne ni ya fedha na ruhusa, nayo ni hoja ya kweli. Mzungu ajaye kwetu, walio wengi, hulipa dola 50 akapewa viza, wala haulizwi sana. Mtanzania aendaye Ujerumani hulipa euro 90, huleta bima ya matibabu ya euro 30,000, karatasi za benki, na ushahidi kwamba atarudi. Katika ofisi moja nilikoomba ruhusa niliulizwa mara tatu nani amenialika. Nilipojibu kwamba nakwenda kuutazama mji, aliyeniuliza alicheka. Kicheko kile na neno la wasomi wetu ni ndugu wa baba mmoja: vyote viwili vyasema kwamba kutazama si kazi ya mtu kama wewe. Afisa wa kigeni na atetee mlango wake. Lakini msomi wetu, yeye anamtetea nani?

Tena wapo wanaovuka mlango huo kila mwaka. Walimu wa vyuo vikuu, wachungaji, wabunge, wafanya biashara: hupanda ndege, hukaa juma zima katika mji wa kale wa bandari, na hurudi na sanduku la viatu. Kurasa hawarudi nazo. Hao hawawezi kujitetea kwa umaskini.

Basi natoa shauri la mambo matatu. Kwanza, Safari za Wasuaheli zichapwe upya kwa bei ya mwanafunzi, zisomwe shuleni kwetu, zisibaki katika maktaba za Ulaya. Pili, majarida ya Kiswahili, na hili likiwamo, yatenge kurasa kwa habari za safari, na yazihariri kwa ukali kama yahariripo mashairi. Tatu, waongoza watalii wa Karatu waandike. Wapo vijana pale wasemao Kijerumani, Kifaransa na Kihispania kwa ufasaha, waliowasikiliza Wazungu miaka kumi ndani ya gari moja. Wanajua wageni wanaogopa nini, wanasifu nini, na wananyamazia nini. Hiyo ni elimu juu ya Ulaya ambayo hakuna chuo kiifundishacho, nayo inakufa kila jioni gari linapozimwa.

Yule askari wa chini ya sanamu ametazama juu zaidi ya miaka 100. Hakupewa kalamu. Sisi tunayo, na lugha tunayo, na wasomaji wanangoja.