Musikitere si Wavu ya Samaki



Tuko na neno juu ya mambo yaliyotokea hapa internati. Tuliporudi kutoka vakansi tulihesabu musikitere za wavulana. Vitanda ni 24, musikitere zilibaki 17. Zile 7 zilikuwa wapi? Siku ya posho tulizikuta kwenye mwambao, zimeshonwa pamoja kuwa wavu ya kukokota. Ndani yake mlikuwa ndakala ndogo sawa sindano. Tena tuseme ukweli: jioni ile ndakala zilifika jikoni na wote tulikula. Hata sisi makapita tulikula. Kwa hiyo hatuandiki kwa kumshitaki mtu mmoja.

Wengine wanasema: «Ziwa Tanganyika ni kubwa, haliwezi kuisha samaki.» Ni kubwa kweli, urefu wake kilometa 673, na sehemu kubwa yake iko upande wa Kongo. Lakini huko chini sana maji hayana oksijeni, samaki hawaishi. Na aina moja ya ndakala watoto wake wanakomaa karibu na mwambao, mbele ya kwenda mbali. Pale pale ndipo tunapokokota musikitere. Tundu lake halifiki milimeta 2. Haichagui, inaokota wote. Wavu ya haki inaacha wadogo wapite, wazae kwanza. Tena musikitere iko na dawa ya kuua mbu, na dawa ile ni sumu kwa samaki.

Tunajua, wavu ya haki ni bei kali, na njaa haingoji. Wengi wetu minerval inatoka kwenye ndakala. Baba akirudi na mtumbwi mtupu, mtoto anafukuzwa masomoni. Basi ni juu ya hiyo tunakataa. Anayekokota watoto wa samaki leo, anakula minerval ya mdogo wake. Na kitanda bila musikitere kinaita malaria: wenzetu wawili wa vitanda vile walilala dispanseri wakati wa mitihani.

Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake wa ziwa tangu 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili samaki wazae. Kama wavuvi wenye watoto wa kulisha waliweza kungoja miezi mitatu, sisi tunashindwa kuacha musikitere kitandani?

Tunaomba mambo mawili. Siku ya posho inayokuja, wakati wa salongo, kila aliyechukua arudishe, hatutaandika majina. Na jikoni isipokee tena ndakala za sindano, hata za bure. Sisi makapita tutaanza: zikiletwa, tutakula sombe yetu kavu.

Kapita wa internati, mwaka wa sita