Je, Wa Kwanza Kuomba Ndiye wa Kwanza Kuingia?



Tangu mwanzo wa mwaka huu wa masomo, katika darasa la sita kuna neno moja linalorudi kila siku wakati wa mapumziko: "Omba mapema, utapata." Wengine wamelisikia kwa wakubwa wao walioko Bujumbura, wengine kwa shangazi aliye Kigoma, wengine wamelisoma kwenye simu. Sisi wa kamati ya gazeti hili tumeona inafaa kulitazama neno hilo kwa karibu, juu franga za wazazi zimekwisha kuanza kutoka. Mzazi mmoja wa mtaa wetu alitoa dola 50 kwa mtu aliyemwambia asema iko na njia ya kumuandikisha mtoto "katika liste ya kwanza" ya chuo kimoja cha ng'ambo. Liste ya kwanza ilitoka. Jina halikuwamo. Na mtu yule, ukimpigia simu, haipiti.

Tuanze na kwetu. Zamani za UNAZA, toka 1971 mpaka 1981, universite zote tatu za inchi, ya Kinshasa, ya Lubumbashi na ile ya Kisangani ambayo Waprotestanti waliianzisha mwaka wa 1963, zilikuwa zimeunganishwa kuwa moja. Fakilte ziligawanywa: dawa mahali hapa, barua na lugha mahali pale, ukulima Yangambi. Mtoto wa Uvira aliweza kuomba hiki akajikuta ametumwa kule, mbali sana na ziwa. Leo siyo vile. Kila universite inapokea dosie zake yenyewe, na tangu mwaka wa masomo 2021-2022 tumeingia katika mpango mupya wa LMD, licence ya miaka mitatu. Lakini jambo moja halikubadilika: mbele ya yote ni egzeta. Bila kupita kwenye palmaresi hakuna universite itakayokuandika, hata ukipeleka dosie mwezi wa kwanza. Kwa hiyo hapa Kongo, kwa haki, hakuna awamu ya mapema na awamu ya mwisho. Kuna tarehe ya konkuru kwa fakilte zinazofanya konkuru, na kuna pursantaje ambayo fakilte inaomba. Ukikosa tarehe, umekosa. Ukifika wiki tatu mbele ya wenzako, hawakuongezei hata pointi moja.

Sasa tuvuke ziwa. Upande wa Tanzania mambo ni mengine kabisa, na wengi kati yetu wanatazama huko kwa sababu ya lugha na kwa sababu mashua za Kalundu zinafika Kigoma. Kule kuna komisheni ya serikali inayosimamia vyuo vikuu, TCU. Toka 2010 maombi yote yalipitia kwenye mtambo wake mmoja. Toka 2017 kila chuo kinapokea maombi chenyewe, lakini TCU inapanga awamu: ya kwanza, ya pili, na mara nyingi ya tatu. Mtu aliyechaguliwa na vyuo viwili ao vitatu anatumiwa namba ya siri kwenye simu, naye anathibitisha chuo kimoja tu. Zile nafasi alizoziacha zinarudi kwa wengine.

Hapo ndipo neno "omba mapema" lina nguvu ya kweli. Awamu ya pili inatangaza tu masomo ambayo nafasi zake zimebaki. Udaktari na masomo mengine yanayopendwa sana yanajaa mbele. Anayengoja awamu ya tatu anachagua katika mabaki, kama vile mama anayefika soko la Mulongwe jioni: ndakala ziko, lakini zile nzuri zilikwisha kwenda.

Lakini angalia. Hata huko, mapema haifungui mlango uliofungwa. Kwa udaktari wanaomba fizikia, kemia na biolojia, zote tatu. Ndugu yetu wa pedagojia akituma maombi siku ya kwanza, saa ya kwanza, bahati yake ni sifuri. Na akituma siku ya mwisho ni sifuri vilevile. Tena, diploma yetu ya serikali haisomwi kule moja kwa moja. Inafaa kwanza kupata karatasi ya ulinganifu inayoonyesha matokeo yetu ni sawa na yapi ya kwao, na karatasi hiyo haitoki kwa siku moja. Mkopo wa serikali ya Tanzania nao ni kwa raia wa Tanzania tu. Kwa hiyo "mapema" kwa mtoto wa Uvira haimaanishi kukimbilia kujaza fomu. Inamaanisha kuanza kutafuta karatasi mwaka mzima mbele: buletini za darasa la tano na la sita, karatasi ya kuzaliwa, pasporti. Wangapi kati yetu darasani wana karatasi ya kuzaliwa ambayo jina lake linafanana na jina la kwenye buletini? Tuliuliza kwa mikono. Hatutaandika hesabu hapa, juu ni haya.

Basi tufike Marekani, ambako maneno haya ya mapema yametoka zaidi. Tusicheke. Jamaa nyingi za Uvira na Fizi zilikimbilia kambi ya Nyarugusu toka 1996, kisha wengine wakapelekwa Marekani, na watoto wao leo wanamaliza sekondari kule na kutuandikia. Vyuo vingi vya kule vina mlango wa mapema: unatuma dosie karibu tarehe 1 ya mwezi wa kumi na moja, jibu linakuja katikati ya mwezi wa kumi na mbili. Mlango wa kawaida unafungwa karibu na mwanzo wa mwaka, jibu linatoka mwisho wa mwezi wa tatu. Mlango wa mapema uko wa namna mbili. Kuna ule unaokufunga: ukikubaliwa, umekwisha kuahidi kuingia na kuacha vingine vyote. Kuna ule usiokufunga.

Watu wanatazama hesabu na kushangaa. Chukua Harvard, kwa wale walioanza 2019. Kwa mlango wa mapema waliomba 6,958, wakakubaliwa 935, ni kusema zaidi ya 13 kati ya 100. Jumla ya waombaji wote ilikuwa 43,330, waliokubaliwa 1,950 hivi. Toa moja kwa nyingine, utaona kwamba kwa mlango wa kawaida hawakufika hata 3 kati ya 100. Mtu akiona hivyo anasema: kumbe mlango wa mapema ni mpana mara nne!

Sisi tunasema: ngoja kwanza, uliza ni nani waliopita pale. Usiku wa giza ukitazama ziwa kutoka Kavimvira, utaona mashua za kwanza kutoka ni zile zenye moteri nzuri na taa nyingi. Asubuhi zinarudi zimejaa. Mtoto mwenye kapirogi na pagayi akisema, "Kesho na mimi nitatoka saa kumi na moja, nitajaza," tutamwonea huruma. Saa ya kutoka haikuvua samaki. Taa na wavu ndizo zilivua. Katika kesi iliyoletwa juu ya Harvard mahakamani, iliyosikilizwa 2018, hesabu zilitolewa wazi: wanamichezo waliotafutwa na walimu wa michezo walikubaliwa zaidi ya 80 kati ya 100, na watoto wa waliosoma pale zamani karibu theluthi moja. Wengi wa namna hiyo wanapita mlango wa mapema. Ukiwatoa hao katika hesabu, upana wa mlango unapungua sana. Hatusemi unakwisha kabisa. Mwaka 2003 wataalamu watatu waliandika kitabu juu ya jambo hili, wakaona kwamba hata kati ya wanafunzi wenye nguvu sawa, aliyeomba mapema alikuwa na faida. Lakini faida hiyo haifanani na 13 kwa 3.

Tena mlango unaokufunga unamuumiza maskini. Mwenye kuomba vyuo vitano kwa kawaida anapata barua zake, anaziweka juu ya meza, anaangalia kipi kinatoa msaada mkubwa wa franga. Aliyejifunga hana barua ya pili ya kulinganisha. Harvard na Princeton zenyewe zilitangaza mwaka 2006 kuacha mlango wa mapema, zikisema unawasaidia matajiri. Mwaka 2011 zikatangaza kuurudisha. Msomaji aone mwenyewe.

Neno lingine kwa wapenzi wa hesabu, juu tumelisikia hapa hapa chini ya mti: "Nitaomba vyuo vitano, kila kimoja bahati 20 kwa 100, tano mara ishirini ni mia, siwezi kukosa." Mwalimu wa matematika atasikitika. Bahati ya kukosa kila kimoja ni 80 kwa 100. Zidisha hiyo mara tano kwa yenyewe, inabaki karibu 33. Kwa hiyo hata hesabu ikienda vizuri, mmoja kati ya watatu anakosa vyote vitano. Na mara nyingi haiendi vizuri, juu dosie ni ileile. Kama kemia yako ni mbovu, ni mbovu mbele ya wote watano. Afadhali kuuliza swali dogo: mwaka uliopita, mtu wa opsio yangu, mwenye pointi kama zangu, mwenye karatasi za Kongo, aliingia wapi? Swali hilo linajibiwa na wakubwa wetu, si na simu.

Tunajua kuna walimu wanaosema tusisumbue darasa la sita na mambo haya, wapite egzeta kwanza. Tunawaheshimu, lakini hapo hatukubaliani nao. Anayeanza kufikiri siku palmaresi inatoka ndiye anayeanguka mikononi mwa yule wa dola 50, kwa kuwa ana haraka na hana habari. Hasa sisi wa Uvira: tunajua mpaka unaweza kufungwa asubuhi moja bila barua, na tangu Bukavu ilipoingia mikononi mwa M23 mwezi wa pili 2025, hata neno rahisi la zamani, "nitaenda Bukavu", limekuwa neno la kufikiria mara mbili. Wasichana wanaumia zaidi. Mwaka mmoja wa kungoja nyumbani, kwa wengi wao, ni mwaka wa kuolewa.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili kwa Bwana Prefe. Kwanza, saa moja kwa mwezi, kuanzia darasa la tano, ambapo mwalimu mmoja atasoma pamoja nasi masharti ya vyuo: opsio zipi, pursantaje ngapi, franga ngapi, tarehe gani. Pili, ubao mdogo karibu na sekretaria, wa tarehe tu. Wanafunzi wa darasa la tano wamekwisha kutuambia watauchonga wenyewe kama skuli itatoa misumari na rangi. Na wakubwa waliotoka hapa, walioko Bujumbura, Kigoma, Kampala na mbali zaidi, watutumie mstari mmoja mmoja: niliomba wapi, lini, na pointi ngapi, nikajibiwa nini. Hata waliokataliwa. Hasa waliokataliwa. Barua zipelekwe kwa kamati ya gazeti, ao zitiwe chini ya mlango wa bibliyoteki. Tutazisoma mbele ya kuandaa namba inayofuata.

Kamati ya gazeti